Marekani: trei ya shule imeipita meza ya nyumbani? Njooni tubishane kwa hoja

Mama wa Trei

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Huu ni mwaka wangu wa sita nafanya kazi jikoni, shule ya msingi hapa Minnesota. Jumapili tulikuwa kwa wifi yangu mkubwa. Akawa anamwandalia mwanawe chakula cha kwenda nacho shule, kile kikasha cha plastiki chenye vyumba: biskuti za chumvi huku, vipande vya nyama ya kusindika kule, jibini pembeni, na juu yake juisi ya pakiti na peremende. Akasema mwanawe hawezi kula chakula cha shule, "makombo ya serikali". Nikanyamaza. Wifi mkubwa hajibiwi mbele za watu. Ila nimelala na donge kooni, nikaona nije kulitoa hapa.

Kuna utafiti wa watu wa chuo cha Tufts uliotoka 2021. Wamefuatilia ulaji wa Wamarekani kuanzia 2003 hadi 2018, watoto zaidi ya 20,000 na watu wazima karibu 40,000. Uzuri wake haukuishia kwenye watu wanakula nini. Kila chakula kimeulizwa kwao ni wapi: dukani, mgahawani, shuleni, kazini au kwingineko. Halafu kikapewa alama. Kwa watoto, chakula cha shule chenye ubora duni kilikuwa asilimia 56 mwanzoni, mwishoni kikawa 24. Kilichonunuliwa dukani, ambacho ndicho kinaliwa nyumbani, kimetoka 53 kikafika 45. Cha mgahawani kimetoka 85 kikafika 80.

Someni tena. Mwaka 2003 shule na duka walikuwa karibu sare. Leo shule imeacha wote nyuma, tena kwa mbali. Siku ya mtoto wa Marekani ikiwa na mlo mmoja wenye nafuu, basi uwezekano mkubwa umetoka kwenye trei yangu. Nimesema yangu, mniwie radhi kwa kiburi.

Karibuni.

Kilindi

Nimekaa siti ya mbele. Lakini mleta uzi, unataka kutuambia serikali inapika kuliko mama mzazi? Hiyo duni imepimwa na nani, kwa mizani gani? Isije ikawa mtu kakaa ofisini anachora mistari.

Kalamu Nyekundu

Kilindi swali lako ni la msingi, ngoja nijibu kwa sababu takwimu hizi ndizo ninazoshinda nazo.

Marekani ina utafiti wa kitaifa wa afya na lishe, unaitwa NHANES. Wana matrela yanayozunguka nchi, ndani yamegeuzwa kliniki. Kila mwaka wanapima watu kama 5,000 kutoka kaunti 15. Kwa miaka ya utafiti huu ilikuwa hivi: unaingia, unatolewa damu, unapimwa uzito, halafu unakaa na mtu anayekuuliza kila ulichokula saa 24 zilizopita. Si "ulikula nini" tu. Anakuuliza maziwa yalikuwa ya mafuta kiasi gani, anakupa vikombe na bakuli za kupimia umwonyeshe ujazo, anakuuliza ulikinunua wapi. Siku chache baadaye wanakupigia simu, mnarudia upya kwa siku nyingine.

Mizani waliyotumia kwenye utafiti wa mleta uzi ni ya chama cha moyo cha Marekani. Inahesabu matunda na mboga, nafaka zisizokobolewa, samaki, soda, chumvi, kisha inaongeza karanga na kunde, nyama za kusindika na mafuta yanayoganda. Ukipata chini ya asilimia 40 ya alama zote, wewe ni duni.

Halafu neno "dukani" msilielewe vibaya. Si sufuria ya mama tu. Ni pamoja na chipsi za pakiti, soda ya lita mbili, keki na aiskrimu iliyolala kwenye friji. Mama anaweza kupika vizuri kabisa saa moja jioni na mtoto akawa ameshaharibu siku nzima kuanzia saa tisa alasiri kwa vitu vilivyotoka duka lile lile.

Kilindi

Hapo nimekusoma. Kumbe kesi si ya mama, ni ya kabati.

Dereva wa Masafa

Nikisikia trela masikio yanasimama 😂 kumbe ni trela za kupima damu.

Mimi nitasema ya kwetu barabarani. Nimeangalia upande wa watu wazima kwenye utafiti huo huo. Chakula cha mgahawani chenye ubora duni kilikuwa asilimia 65 mwaka 2003, na 2018 ni 65. Miaka 15 hakijajongea hata hatua. Dukani kimeshuka kutoka 40 hadi 33. Sasa mimi nakula wapi? Gari langu na trela lake ni futi 70 na kitu. Nioneshe supamaketi yenye maegesho ya futi 70. Naiona kwa macho, matunda yamepangwa mlangoni, nami napita nayo kama abiria anavyopita kijijini kwao kwa basi la mwendo kasi. Ninaposimama ni kituo cha mafuta cha malori, na pale kuna soseji zinazozunguka kwenye vyuma tangu asubuhi, piza, na kuku wa kukaanga chini ya taa.

Na msiniambie habari za kuandika kalori ukutani. Sheria hiyo ilianza Mei 2018, kila mnyororo wa migahawa wenye matawi 20 na kuendelea lazima uandike. Mimi nasoma vizuri tu. Usiku mmoja nikiwa Nebraska nimesoma kalori 1,150 mbele ya mlo, nikasema asante kwa taarifa, nikaagiza. Saa sita usiku, umeendesha saa kumi na moja, namba itakufanya nini?

Nesi wa Usiku

Kaka Dereva umenichekesha, ila hata sisi hospitalini zamu ya usiku ni hivyo hivyo. Kantini inafungwa saa mbili, inabaki mashine ya kutumbukiza hela. Tunamfundisha mgonjwa wa sukari jinsi ya kula, tunatoka hapo tunakwenda kutumbukiza dola mbili tupate keki. Nimeshawahi kukutana na mgonjwa wangu mbele ya mashine hiyo. Tuliangaliana tu.

Mama wa Trei nina swali. Kimebadilika nini hasa shuleni? Maana mimi nimesoma sekondari hapa hapa mwanzoni mwa miaka ya 2000, nakumbuka chipsi kila siku na mashine ya soda kwenye korido.

Mama wa Trei

Nesi, kilichobadilika ni sheria. Obama aliitia sahihi Desemba 2010, kanuni zikaanza kuingia majikoni 2012. Ndiyo maana ukitazama mchoro wa utafiti, shule haikuwa ikishuka pole pole tangu mwanzo. Poromoko kubwa limekuja baada ya 2010.

Nikueleze inavyokuwa dirishani kwangu. Kuna makundi matano: nafaka, protini, mboga, matunda, maziwa. Mtoto lazima achukue angalau matatu, na moja kati ya hayo liwe tunda au mboga, nusu kikombe. Asipochukua, mlo haupo. Kwa mtoto ni sawa tu atakula, lakini kwa hesabu za kule mwisho wa mstari ule si mlo, na serikali hairudishi hela yake. Kwa hiyo yule dada wa kaunta macho yake yote yako kwenye trei. "Mwanangu, rudi chukua karoti." Mara mia kwa siku.

Mboga nazo hazichaguliwi kwa kupenda kwetu. Kwa wiki lazima zipite za kijani iliyokolea, nyekundu na za rangi ya chungwa, kunde na maharage, za wanga, na nyinginezo. Chakula cha mchana kwa watoto wa darasa la tano kushuka ni wastani wa kalori 550 hadi 650 kwa wiki, hatuzidishi hatupunguzi. Nafaka asilimia 80 ziwe zisizokobolewa kwa wingi. Na chumvi ina ukomo.

Kikaango kikubwa cha mafuta kiliondolewa kabla sijaajiriwa. Imebaki alama ya miguu yake minne kwenye sakafu, tumeweka rafu ya trei hapo.

Soda na chipsi zile za korido ziliondolewa na kanuni nyingine ya 2014, ya vitu vinavyouzwa nje ya mlo.

Babu Kibubu

Wanangu marahaba. Mimi niko nchi hii tangu 1979, nimelea watoto wanne wote wamekula shule. Napenda kuwakumbusha kwamba trei hii imepita kwenye mapambano.

Mwaka 1981, enzi za Rais Reagan, bajeti ya chakula cha shule ilikatwa, wizara ya kilimo ikaja na pendekezo kwamba viungo vya pembeni kama kachumbari ya chupa vihesabiwe kama mboga. Magazeti yakadaka, yakasema basi hata tomato sosi sasa ni mboga. Nchi nzima ikacheka, pendekezo likarudishwa kabatini. Ikaja 2011, wizara inataka kukaza kanuni mpya, Bunge la Marekani likaingilia kati piza isiguswe. Hadi leo vijiko viwili vya mezani vya nyanya nzito vinahesabiwa kama nusu kikombe cha mboga. Wenye viwanda vya piza iliyogandishwa na wenye mashamba ya viazi walikuwa mlangoni siku zote.

Mpango wenyewe wa chakula cha shule Rais Truman aliutia sahihi Juni 1946. Sababu mojawapo waliyoitaja ni usalama wa taifa, maana vijana wengi walikataliwa jeshini wakati wa vita vya pili vya dunia kwa afya mbovu. Waliogopa watoto wembamba. Sasa wanaogopa wanene.

Kilindi

Shikamoo Babu. Tomato sosi ni mboga, hii naenda nayo.

Sasa Mama wa Trei usinikasirikie. Umetaja sheria, umetaja karoti. Nuggets za kuku je? Unazipika mwenyewe au zinakuja na boksi?

Mama wa Trei

Zinakuja na boksi, zimegandishwa. Nazitia oveni dakika kumi na kitu. Unga uliozizunguka ni wa ngano isiyokobolewa, chumvi imepunguzwa, kiwanda kinatengeneza maalumu kwa shule. Sitakuficha.

Kilindi

Haaa! Kumbe. Basi uzi umekwisha. Chakula cha kiwandani kimevalishwa kanzu ya nafaka isiyokobolewa, kinapewa alama, mnashangilia.

Kalamu Nyekundu

Uzi haujaisha, ndiyo kwanza umefika patamu.

Alama za ulaji Marekani zimepanda. Si sana, lakini zimepanda. Utafiti uliotoka 2024 wa watu wazima, kuanzia 1999 hadi 2020, unaonyesha wenye ulaji duni wameshuka kutoka asilimia 48.8 hadi 36.7. Watoto nao, kwa utafiti wa 2020, wametoka karibu 77 mwaka 1999 hadi 56 mwaka 2016. Sababu kubwa ni soda kunywewa kidogo, matunda mazima kuongezeka badala ya juisi, na nafaka zisizokobolewa.

Kwa kipindi karibu hicho hicho, vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi vimeongezeka. Kwa watoto vilikuwa asilimia 61 ya kalori mwaka 1999, vikafika 67 mwaka 2018. Watu wazima wametoka 53.5 hadi 57.

Unauliza inawezekanaje? Kwa sababu mizani ni mbili tofauti. Ya kwanza inauliza ndani ya chakula mna nini: chumvi, sukari, nyuzi, samaki. Ya pili, ile aliyoianzisha Mbrazili Carlos Monteiro wa São Paulo, inauliza kimefanywa nini kabla hakijakufikia. Mkate wa kiwandani wa ngano isiyokobolewa unapata alama nzuri kwenye ya kwanza, unafeli kwenye ya pili. Nuggets za Mama wa Trei ni hivyo hivyo.

Kilindi

Na wewe unaamini ipi?

Kalamu Nyekundu

Ukinibana, nitasema ya kwanza imenisaidia zaidi kazini, lakini ya pili inanikosesha usingizi. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake kwenye taasisi ya taifa ya afya waliwaweka watu 20 ndani kwa mwezi mmoja. Wiki mbili wanakula vya kusindikwa kupita kiasi, wiki mbili vya kawaida, na milo yote miwili ilioanishwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzi. Kula kiasi unachotaka. Kwenye vile vya kiwandani walikula kalori kama 500 zaidi kwa siku, na wakanenepa. Vitu vilivyoandikwa kwenye kibandiko vilikuwa vinalingana. Kwa hiyo kuna kitu mizani ya kwanza haikioni. Labda ni ulaini, labda ni kasi ya kumeza.

Ila watu 20 kwa mwezi mmoja ndani ya jengo si watoto milioni 30 wanaokula mlo wa shule kila siku. Siwezi kuuvunja mpango wa 2010 kwa ajili hiyo.

Mama wa Trei

Kilindi, unafikiri napenda boksi? Jikoni kwetu tuko wanne kwa watoto mia nne na ushee. Wanakula kwa zamu tatu, kila zamu dakika 20, na hapo ni pamoja na kupanga mstari. Nipe watu wawili zaidi na sufuria kubwa la kuinamisha, nitakupikia mchuzi mzito wa maharage na nyama kuanzia mwanzo. Tulipopata sufuria la kuazima mwaka juzi tulipika kweli, siku mbili kwa wiki. Likarudishwa kwa wenyewe.

Na watoto hawali kwa sababu kitu ni bora. Machungwa nimeyaona kwa macho yangu. Tukiyatoa mazima, yanarudi mazima, yanakwenda pipani yanadunda. Mtoto wa darasa la kwanza hana meno ya mbele, kucha fupi, ana dakika kumi zilizobaki, amenye saa ngapi? Tukiyakata vipande sita, wanarudisha maganda matupu. Chungwa ni lile lile. Siku hizi naingia saa kumi na mbili kasoro asubuhi kwa ajili ya kukata tu.

Nesi wa Usiku

Hilo la muda lina utafiti wake pia. Shule kadhaa za Utah zilipeleka mapumziko ya kucheza kabla ya chakula badala ya baada, matunda na mboga zilizoliwa zikaongezeka asilimia 54. Hawakubadilisha menyu. Mtoto akijua mpira unamsubiri nje, anameza nuggets mbili anakimbia.

Lakini jamani, naona tumekazana na shule. Mimi nataka kuleta kitu kinachoniuma. Kalamu umetaja 48.8 hadi 36.7. Umeacha kusema nani kashuka.

Kalamu Nyekundu

Kweli dada, niliruka. Wenye kipato cha juu, ulaji duni umeshuka kutoka kama 46 hadi 30. Wenye kipato cha chini wametoka kama 52 hadi 47 tu. Pengo limepanuka. Wote wamepanda ngazi, mmoja kwa lifti.

Nesi wa Usiku

Haya. Sasa niwaeleze mgonjwa wangu mmoja, simtaji wala sisemi ni mji gani. Mama wa makamo, sukari, presha, anaishi kwa stempu za chakula, hizi zinazoitwa SNAP. Mtaani kwake duka lililo karibu ni lile la vitu vya bei chee, mnayajua, yamejaa kila kona ya nchi hii, mnyororo mmoja tu una matawi zaidi ya 18,000. Maharage ya kopo yapo, maziwa yapo, mboga mbichi hakuna. Nikamwambia akipata usafiri aende supamaketi anunue kuku wa kuoka mzima, ale siku tatu. Akaniangalia akasema: "Nesi, kuku wa moto kadi yangu haimnunui."

Nilikuwa sijui! Stempu hazinunui chakula cha moto kilicho tayari. Kuku yule yule akipoa wakamhamishia kwenye friji ya dukani, unamnunua. Akiwa wa moto, hapana. Kanuni ni ya zamani, enzi ambazo ilichukuliwa kila nyumba ina mtu wa kukaa jikoni. Huyu mama anafanya kazi mbili. Chipsi za pakiti anaruhusiwa.

Dereva wa Masafa

Asee. Kuku hadi apoe.

Babu Kibubu

Binti, suluhisho si kuwajengea supamaketi mtaani?

Kalamu Nyekundu

Babu, kwa heshima zote, hilo lilijaribiwa. Philadelphia walifungua supamaketi kwenye mtaa usiokuwa nayo, watafiti wakawafuatilia wakazi. Matokeo yalitoka 2014. Watu walifurahi, wakasema sasa kupata mboga ni rahisi, lakini matunda na mboga walizokula hazikuongezeka, wala uzito haukubadilika. Wachumi wengine walitoa kazi kubwa 2019, wakakokotoa kwamba ukimpa maskini bidhaa zile zile kwa bei zile zile za mtaa wa kitajiri, unapunguza kama sehemu moja tu ya kumi ya pengo la lishe. Tisa zinazobaki ziko upande wa mnunuzi.

Nesi wa Usiku

"Upande wa mnunuzi" mmelisema kistaarabu. Maana yake mgonjwa wangu analaumiwa. Ndani ya hayo tisa kuna kazi mbili, kuna jiko lenye plate moja inayowaka, kuna kuogopa kununua mboga mtoto akaikataa ikaoza, na hela ndiyo imekwenda. Mwenye pesa mtoto akikataa brokoli anatupa, kesho anajaribu tena. Maskini hana brokoli ya majaribio.

Kalamu Nyekundu

Sina cha kupinga hapo. Namba haisemi kwa nini.

Mama wa Trei

Nesi umenipa hoja niliyokuwa naitafuta bila kuijua. Brokoli ya majaribio! Hiyo ndiyo kazi ya shule. Pale dirishani kwangu mtoto anaikataa mara nane na haijamgharimu mama yake senti. Na hapa Minnesota tangu Julai 2023 kila mtoto anakula bure, awe wa tajiri awe wa maskini, hakuna tena kadi ya rangi tofauti wala deni la chakula. California na Maine walitutangulia mwaka mmoja. Mtoto hajui mwenzake kala kwa msaada. Mstari ni mmoja.

Ndiyo maana namba za shule zimeporomoka na za mgahawa zimegoma. Mgahawani wamekuandikia namba ukutani wakakuachia uamuzi. Shuleni wamemshika mpishi, si mlaji. Mimi ndiye niliyebanwa, mtoto anachagua kati ya vitu ambavyo vyote vimeshapita kwenye chujio.

Kilindi

Hapo nakubali nusu. Nusu nyingine nabaki nayo mpaka boksi litoke jikoni kwako.

Ila mtu mzima humfungii chujio. Dereva atachaguliwa chakula na nani?

Dereva wa Masafa

Mke wangu 😂. Alininunulia chungu kidogo cha umeme kinachochomekwa kwenye gari. Asubuhi natia maharage yaliyolowekwa, kitunguu, nyanya ya kopo, naendesha. Kufika Iowa jioni kibini nzima inanukia. Imenichukua miezi miwili kujifunza kuyafunga yasimwagike kwenye kona. Mara ya kwanza nilisafisha maharage hadi chini ya kiti.

Lakini nikiri, siku za kuchelewa bado nasimama kwa wale wa soseji zinazozunguka.

Babu Kibubu

Likizo ya kiangazi je, Mama wa Trei? Trei ikifungwa Juni, watoto wanarudi kwenye kabati la Kilindi.

Mama wa Trei

Babu umegusa kidonda. Baadhi ya shule hubaki wazi kwa chakula tu. Na tangu 2024 kuna kadi ya kiangazi, dola 120 kwa mtoto kwa msimu mzima, kwa familia zenye kipato cha chini, majimbo yaliyokubali kujiunga. Gawanya mwenyewe kwa miezi mitatu. Septemba wakirudi nawatambua kwa macho, wiki ya kwanza maziwa meupe hayaguswi, wote wanauliza soda iko wapi.

Kilindi

Na wifi? Umemjibu au umekuja kutujibu sisi?

Mama wa Trei

Sijamjibu. Nimemwalika aje ale mchana shuleni na mwanawe, wazazi wanaruhusiwa, mtu mzima analipa dola tano na ushee. Amekubali. Atakuja Ijumaa.

Kilindi

Ijumaa menyu ni nini?

Mama wa Trei

...Piza.

Babu Kibubu

😂😂 Na nyanya yake?

Mama wa Trei

Inahesabiwa, Babu. Ila nitamkatia na chungwa.